Anti, mkono wangu haunisikii

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 27, nafundisha darasa la nne. Nakuandikia saa saba usiku. Nimetoka bafuni sasa hivi, nilikuwa mbele ya kioo karibu saa nzima, na mabega yananiwaka moto.

Nang'oa nywele zangu mwenyewe. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nne, kwa hiyo nakuomba uisome tu ilivyo.

Ilianza nikiwa darasa la sita. Nikisoma, vidole vya mkono wa kushoto vinapanda utosini vinatafuta. Si unywele wowote. Vinautaka ule mnene, mgumu, uliojikunja tofauti na wenzake. Nikiupata nauvuta, nautazama ule mzizi wake mweupe, naupitisha kwenye midomo, halafu kile kimzizi nakitafuna. Najua inachefua. Lakini kwa muda ule mfupi natulia kama mtu aliyefuturu kwa maji baridi. Kisha naona haya, na nikishaona haya nautafuta mwingine.

Tulipoingia sekondari ya bweni tuliambiwa wasichana wote tunyoe. Nadhani hakuna aliyefurahi kama mimi. Nikasema nimepona. Mwezi haukuisha, mkono ukahamia kwenye nyusi na kope. Nilikuwa naamka alfajiri kabla ya wenzangu, najichora nyusi kwa penseli ya shule. Chuoni nywele ziliporudi, mkono nao ukarudi juu. Sasa hivi utosini nina uwazi wa kama kisahani cha kikombe, na ushungi ndio umenisitiri miaka yote hii. Watu wananisifu kwa kujistiri, Anti. Nikisikia sifa hizo natamani ardhi inimeze.

Halafu kuna ngozi. Hii nafanya nikijua kabisa ninachofanya. Naingia bafuni kunawa uso, naona kipele kimoja begani, nasema nakitumbua hiki kimoja tu. Nikija kushtuka mama anagonga mlango. Kidonda kikianza kupona nakibandua kigaga, kinatoka damu, kinaanza upya. Mabega na mikono yangu ya juu ina madoa meusi kama nguo iliyomwagikiwa wino.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasahihisha madaftari ya hesabu. Kalamu nyekundu mkono wa kulia, wa kushoto uko chini ya ushungi. Kesho yake mtoto mmoja akaniletea daftari lake mbele ya darasa zima. "Mwalimu, kuna nywele kwenye daftari langu." Zilikuwa sita, zimebanwa katikati ya kurasa. Nikamfokea arudi kwenye dawati lake. Tangu siku hiyo, kila nikimrudishia daftari, analikagua kwanza ukurasa mmoja mmoja.

Mama amenipeleka kwenye kisomo, nimekunywa kombe siku saba. Moyo ulitulia, mkono haukutulia. Jirani yetu anasema nywele zangu zinachukuliwa usiku. Sikumbishia, kwa sababu wakisema zinachukuliwa na wachawi, angalau sizichukui mimi. Duka la dawa walinipa dawa ya mapunye, ya kupaka na ya kumeza, nikamaliza dozi yote huku nikijua kuwa nawadanganya.

Sasa naolewa, imebaki miezi minne. Wifi yangu mtarajiwa ana saluni, na ameshatangaza ukweni kwamba zawadi yake ni kunitengeneza kichwa. Somo, mama anayenifunda, amesema atanisinga mwili siku saba kabla ya harusi. Mchumba wangu hajui lolote, na ni mtu mwema, ndiyo maana naogopa zaidi.

Je, mimi ni kichaa? Nifanye nini niache kabisa kabla ya harusi? Na mchumba nimwambie, au nimwache aje aone mwenyewe?

Mwenye Ushungi, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Kichaa huna. Tulimalize hilo kwanza ndipo tuzungumze.

Ulicho nacho kina jina, na si cha juzi. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alipoandika kuhusu tabia za watu aliwataja wanaonyonyoa nywele zao na wanaotafuna kucha. Mwaka 1889 daktari wa ngozi wa Paris, François Henri Hallopeau, alieleza habari za kijana mmoja wa kiume aliyekuwa akijing'oa nywele, akauita ugonjwa huo trikotilomania. Wa ngozi ulichelewa kutambuliwa: madaktari waliuandika tangu karne hiyohiyo ya 19, lakini mwongozo wa Wamarekani wa maradhi ya akili uliupa nafasi yake wenyewe mwaka 2013. Na katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, ndugu hawa wawili wamekaa chumba kimoja. Kwa hiyo maradhi yako mawili si wageni wa kila mmoja. Ni ya ukoo mmoja.

Wala hauko peke yako, ingawa najua usiku wa saa saba neno hilo halimwingii mtu. Makadirio ya kawaida ni mtu mmoja au wawili katika kila 100 kwa nywele, na kwa ngozi hawapungui hapo. Harusi yako ikialika watu 300, piga hesabu mwenyewe, wewe ni mwalimu. Wako watatu mpaka sita watakaokaa kwenye viti vile na kilemba, wigi, kofia au nyusi za kuchora, kila mmoja akiamini ni yeye tu. Wengi huanza kati ya miaka 10 na 13. Wewe darasa la sita, umeingia palepale.

Sasa nikuambie kitu kilichonigusa kuliko vyote kwenye barua yako: kule kunyoa sekondari. Wanaokuambia "acha tu, jikaze" wangekisoma kisa hicho kwanza. Nywele ziliondolewa zote, kwa amri ya shule, na bado mkono ukaenda kutafuta pa kufanyia kazi. Kunyoa kuliondoa nywele, hakukuondoa ile kazi. Na kazi yenyewe umeieleza vizuri: unatulia. Mkono wako unautuliza mwili uliojaa wasiwasi, au uliochoka, au uliochoshwa tu na madaftari 80 yenye makosa yaleyale ya kugawanya. Unautuliza kwa njia mbaya, yenye kuumiza, lakini unautuliza kweli. Ndiyo maana kuusemesha kwa ukali hakusaidii. Ukiufokea unazidi kuwa na wasiwasi, na wasiwasi ndio chakula chake.

Umewahi kumwona kasuku aliyefungiwa tunduni peke yake? Ananyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi inabaki wazi, kichwa kimebaki na manyoya yake yote kwa sababu mdomo haufiki huko. Hakuna anayesema kasuku yule hana dini au hajalelewa. Mwenye akili atatazama tundu, chakula na upweke wake, na atamwita daktari wa mifugo amwangalie. Nawe tukutazame hivyo.

Hapa nina deni la kulipa. Miaka ya nyuma mama mmoja aliniuliza kuhusu bintiye wa miaka tisa anayeng'oa kope, nikamshauri ampake pilipili vidoleni. Nilijiona nina busara za bibi yangu. Mtoto yule, kama mama alinifuata, aliumia macho na hakupona. Mama huyo kama unasoma, nisamehe. Na wazazi wengine: msimchape, msimpake kitu, msimwekee zamu ya kumlinda. Mtoto akijua anachungwa atajifunza kujificha, na kujificha ndiko kunakolea maradhi haya mpaka mtu anafika miaka 27.

Mama yako simlaumu kwa kisomo, na kombe halikukudhuru. Ulisema moyo ulitulia. Utulivu huo ni wako, endelea nao. Nitakachokataa ni mtu atakayetaka kukupunga, kukuchapa au kukufukiza moshi ili kitu kikutoke, maana hakuna kitu ndani cha kutoka. Na la wachawi nimelielewa kabisa. Lilikupa pa kupumzikia lawama. Nataka uliache kwa sababu sasa una pengine pa kuipumzisha: si wewe uliyeamua, na si wao. Maradhi haya hutembea katika ukoo pia. Siku mama yako akiwa na nafasi, muulize kwa upole nani kwao alikuwa hatoi kilemba.

Twende kwenye kimzizi unachokitafuna. Nakuuliza jambo moja, ujijibu kwa ukweli: unywele wenyewe unaumeza? Tumbo haliwezi kuuyeyusha. Kwa mtu anayemeza kwa miaka, nywele hujisokota tumboni zikawa donge, na donge hilo wakati mwingine hutolewa kwa upasuaji. Kama unamaliza kutafuna na kutema, vizuri. Kama unameza, na unaona tumbo linauma, unashiba haraka, unatapika au unakonda bila sababu, usisubiri harusi. Nenda hospitali na useme wazi kwamba unameza nywele, kwa sababu daktari asipoambiwa atakutibu vidonda vya tumbo mpaka basi.

Na ile dozi ya mapunye sikulaumu, ila sasa uende kwa mtu utakayemwambia ukweli. Zipo sababu nyingine za uwazi kichwani: mapunye yenyewe, nywele kudondoka zenyewe kwa viraka laini, au kusukwa kwa kubana mpaka mizizi ya mbele inakufa. Anayeng'oa, kiraka chake huwa na vijinywele vya urefu tofauti, vingine vimekatikia njiani. Daktari wa ngozi akikuangalia ataona mara moja, na atakuambia pia kama kuna mahali mizizi imechoka kiasi cha kutorudi. Kwa miaka 15 ya kung'oa palepale, inawezekana sehemu ndogo isirudi yote. Nimeona nikuambie mapema kuliko uje kuambiwa na kioo.

Kuacha kabisa kabla ya miezi minne: hapana. Naona unakunja uso. Nakataa kwa sababu mbili. Kwanza nywele zenyewe hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na shina lililong'olewa hukaa kwanza wiki kadhaa kabla ya kutoa kitu. Hata mkono ukitulia leo usiku, siku ya harusi utosini patakuwa na vijinywele visivyofika upana wa vidole viwili. Pili, ukijiwekea tarehe, siku utakayoteleza utasema yote yameharibika, na utamaliza jioni nzima mbele ya kioo kama mfungaji aliyekula kwa makosa akasema basi siku imeshakwenda. Lengo la miezi hii minne liwe dogo: kuujua mkono wako, na kuupa kazi nyingine.

Njia inayofanya kazi kuliko zote tunazozijua ni ya mafunzo, si ya vidonge. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Azrin na Nunn, waliiandika mwaka 1973 na bado ndiyo msingi. Inaanza na kuona. Chukua kidaftari kidogo, kwa wiki mbili usijikataze chochote, andika tu: saa ngapi, wapi, mkono gani, ulikuwa unafanya nini, ulikuwa unajisikiaje. Mstari mmoja unatosha. Nahisi nitakachokisoma humo: nywele ni meza ya kusahihishia, mkono wa kushoto, akili haipo. Ngozi ni bafuni, usiku, taa kali, akili ipo na imechoka. Umeona kwamba ni mitego miwili tofauti? Mmoja unafanya bila kujua, mwingine unafanya ukijua. Dawa ya mmoja haitibu wa pili.

Kwa meza ya kusahihishia: tatizo ni kwamba mkono wa kulia una kalamu na wa kushoto hauna ajira. Uajiri. Uwe na tasbihi ndani yake, na uchague yenye punje za kukwaruza kidogo, za mbao au za mbegu, kwa sababu vidole vyako vinapenda kitu kisicho laini. Ndiyo maana vinautafuta ule unywele mgumu. Funga kilemba cha kubana ukikaa kwenye madaftari, si ushungi mpana ambao mkono unaingia chini yake kama paka. Vaa tondoo la kushonea kwenye kidole gumba, au kizungushie plasta kile kidole kinachoshika, kipoteze ule ufundi wa kuhisi. Na mdomo usiusahau, maana umesema unywele unapita kwenye midomo. Wengi wanaulinda mkono wanauacha mdomo na njaa. Weka ubuyu wa mjini kwenye kibakuli, zile kokwa zenye kukwaruza ulimi; mumunya, tema kokwa. (Meno yako nitayatetea siku nyingine.)

Mkono ukishaanza kupanda, na kwa msaada wa kidaftari utaanza kuukamata ukiwa begani, kunja ngumi, shusha kiwiko ubavuni, ukaze hivyo kwa dakika moja huku unapumua taratibu. Hamu ni kama wimbi la pale Raskazone: linakuja limeinuka, unadhani litakufunika, ukisimama linapita chini ya kifua. Lakini halitapita ukiwa unalibishia. Lisubiri. Mara kumi za kwanza utashindwa saba. Andika zile tatu.

Jioni mbele ya televisheni, kama kwenu bado kuna bibi au shangazi anayejua kusuka ukili, kaa naye chini. Sina kazi nyingine ninayoijua pwani hii inayochukua vidole vyote kumi namna ile, tena ina kukwaruza, kuvuta na kuchagua miyaa iliyo sawa, mambo yaleyale ambayo mkono wako unayafuata utosini. Tofauti ni kwamba mwisho wake ni mkeka.

Kwa bafuni, tumia ujanja wa nyumbani. Badilisha balbu, weka yenye mwanga hafifu. Kioo kifunike kanga, au kisogeze mbali usiweze kukikaribia kwa urefu wa mkono. Kucha zikate fupi kila Alhamisi jioni. Vaa gauni la kulalia lenye mikono mirefu kabla ya kwenda kunawa, si baada. Ingia na saa ya simu ya dakika tano, mlango uurudishie bila komeo. Kipele ulichokiona, kibandikie plasta usiku uleule. Kidole kikifika kitakuta plasta, na plasta inampa mtu nukta mbili za kuzinduka. Vidonda vioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, vipake mafuta ya mgando vibaki na unyevu, kwa kuwa kigaga kikavu ndicho kinachoita vidole. Kikivimba, kikatoa usaha au ukapata homa, ni hospitali.

Madoa nayo yanakutia haraka, najua. Ngozi zetu nyeusi zikijeruhiwa huacha weusi unaochukua miezi kufifia, na hufifia ukiacha kuligusa doa na ukilikinga na jua. Usiguse mkorogo. Nasema tena kwa sababu mabibi harusi ndio wateja wake wakubwa. Krimu nyingi za kung'arisha zina dawa kali za steroidi. Zinaifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta vipele vipya, na wewe vipele vipya ndivyo visivyohitajika kabisa nyumbani kwako. Kama makovu yako huwa yanainuka na kuwa magumu, mwambie daktari.

Sasa watu.

Somo mwambie wa kwanza, wiki hii. Huyo ameshaona miili ya wari wengi kuliko muuguzi, na kazi yake ni kusitiri. Singo ina karafuu na vitu vinavyochoma; haiwekwi juu ya kidonda kibichi. Akijua, atapaka kwenye ngozi nzima, mabegani atapaka mafuta tu, na mwingine yeyote chumbani hatajua kwa nini.

Wifi usimwache agundue kwa kitana mbele ya wateja. Nenda saluni asubuhi kabla hajafungua, au mwite nyumbani, mwambie hivi: "Wifi, nywele zangu za utosini nazing'oa mwenyewe bila kupenda, tangu utotoni. Ni maradhi, yana jina, nimeanza kuyatibu. Nataka unitengeneze wewe, ila peke yetu, na usinibane." Usieleze zaidi ya hapo. Wasusi wanaziona hizi kuliko madaktari. Sitashangaa akikujibu kwamba ana wateja wawili. Kuhusu mtindo, asikugundishie kitu kwa gundi wala kukusuka kwa kubana juu ya kile kiraka, kitazidi. Mtandio wa bibi harusi unafunika utosi hata kwa aliyejaaliwa nywele za kukalia.

Mchumba mwambie kabla ya nikaha. Hapa najua wapo watakaonipinga, watasema aibu ya mwanamke haisimuliwi. Sioni aibu. Ungekuwa na pumu ungemwambia wapi unaweka dawa. Mwambie mchana, si usiku. Mkiwa mnatembea, si mkitazamana. Na usilie kwanza, maana ukitangulia kulia atadhani una mtoto mahali. Mpe na kazi, kwa kuwa wanaume wema wasipopewa kazi hujitungia. Akiuona mkono juu asiseme "acha!" wala asiupige kofi. Aushike tu, au akuletee chai. Asihesabu nywele kwenye mto. Asikuulize kila jioni "leo vipi?" Akikuacha kwa sababu hiyo, barua yako inayofuata itakuwa fupi zaidi, nitaijibu.

Hospitali: nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, uulize mapokezi kitengo cha afya ya akili na kliniki ya ngozi. Najua neno "akili" litamshtua mama, atasema mwanangu anapelekwa Lutindi, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwambie unakwenda kwa miguu yako na utarudi kula mchana. Mhudumu kama hajawahi kusikia maradhi haya, usikasirike. Mwonyeshe kidaftari chako, hicho kitamweleza kuliko wewe. Ukihitaji bingwa zaidi wa ngozi, KCMC pale Moshi wana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Vidonge havipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya hili. Dawa za sonona na wasiwasi husaidia kama maradhi hayo nayo unayo, na wengi wanayo. Kwa kung'oa kwenyewe matokeo yake si makubwa. Utakuta watu wakisifu dawa iitwayo N-asetilisisteini, ileile ambayo hospitali humpa aliyezidisha parasetamoli. Jaribio moja la Marekani la mwaka 2009, watu wazima 50 kwa wiki 12, lilionyesha nafuu kwa zaidi ya nusu ya waliopewa; kwa watoto, jaribio la baadaye halikuonyesha. Hilo mzungumze na daktari, usiinunue ukajipimia mwenyewe. Na kama ipo siku mawazo yanakuja ya kutotaka kuishi, mambo yote ya singo na saluni yanasubiri, siku hiyohiyo unakwenda hospitali na mtu amekushika mkono.

Utateleza. Pengine wiki ya harusi yenyewe, ukiwa na wageni ndani na hujalala. Hutakuwa umerudi sifuri. Uwazi bado utakuwa mdogo kuliko ulivyokuwa, na kidaftari kipo. Fungua ukurasa mpya, andika saa na mahali.

Bado mtu mmoja. Yule mtoto anayelikagua daftari lake ukurasa mmoja mmoja alisema alichokiona, na alisema kweli, akafokewa. Jumatatu mwite pembeni. Mwambie zile nywele zilikuwa zako, zilidondoka ukisahihisha, na kwamba hakukosea kuuliza. Atasema "ndiyo mwalimu" na atakimbilia mpira.